Saratani Ikirudia Ukoo Mmoja: Namna ya Kuchora Ukoo, Kuusoma na Kujua pa Kuanzia

Mtu wa tatu akipatikana na saratani katika boma moja, maneno hayakosi. Wapo watakaosema ni damu ya ukoo, wapo watakaotaja chira, yaani laana ya kuvunja miiko, na wapo watakaomnyoshea kidole jirani. Kabla ya hayo yote kuna kazi ya jioni chache inayoweza kufanywa na yeyote anayejua kusoma na kuandika: kuchora ukoo, kuandika nani aliugua nini akiwa na umri gani, kisha kuutazama mchoro huo pamoja na jiko, ghala na vikombe vya nyumba. Mwongozo huu ni wa familia za Kisumu, Siaya, Kakamega, Bungoma, Nakuru na vijiji vilivyo kati yake. Saratani zinazotuandama upande huu, hasa ile ya koo la chakula, zina mambo yake.

Jambo moja lieleweke mapema. Kila saratani ni ugonjwa wa jeni, lakini si kila saratani ni ya kurithi. Seli hugeuka kuwa saratani pale jeni zinazoizuia kugawanyika ovyo zinapoharibika. Kwa wagonjwa wengi uharibifu huo hutokea baada ya kuzaliwa: moshi wa tumbaku, pombe, virusi, sumu ya ukungu, au makosa ya seli kujinakili kadiri umri unavyosonga. Ni takriban wagonjwa 5 hadi 10 katika kila 100 waliozaliwa tayari wakiwa na jeni yenye hitilafu kubwa kutoka kwa baba au mama. Kwa hiyo familia inaweza kuwa na wagonjwa watano bila jeni yoyote ya kurithi, kwa kuwa wote wamekula kutoka ghala moja miaka thelathini. Nyingine ina wagonjwa wawili tu, na jeni hatari imo.

Kuchora

Tafuta karatasi kubwa, hata upande wa nyuma wa kalenda. Chora vizazi vitatu: wewe na ndugu zako, wazazi pamoja na ndugu zao, kisha babu na nyanya wa pande zote mbili. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Aliyefariki apigwe mstari wa mshazari, aliyeugua saratani atiwe rangi. Kando ya kila aliyeugua andika kiungo saratani ilikoanzia, umri aliokuwa nao ilipogunduliwa (si umri aliofariki), kama ilikuwa upande mmoja au pande zote mbili, na karatasi inayothibitisha.

Waandike pia waliofika miaka 70 au 80 bila saratani. Familia nyingi huwaacha kwa kuwa hawana ugonjwa wa kusimulia, na matokeo yake mchoro hujaa rangi na kumpotosha daktari. Wagonjwa wawili katika watoto kumi na mmoja si sawa na wagonjwa wawili katika watoto watatu. Waliofariki wakiwa vijana kwa ajali au malaria, na wanawake walioondolewa kizazi au ovari mapema, nao waonyeshwe, maana hawakupata nafasi ya kuonyesha kama walibeba kitu.

Mahali mchoro unapoharibika zaidi kwetu ni kwenye nyumba za wake wengi. Watoto wa baba na mama mmoja hushiriki takriban nusu ya jeni zao. Wa baba mmoja na mama tofauti hushiriki robo. Ukiwapanga wote kwenye mstari mmoja kana kwamba ni wa tumbo moja, saratani ya matiti iliyoko kwa watoto wa mama wa pili pekee itaonekana kama ya boma zima, na watoto wa mama wa kwanza watahangaishwa bure. Kila mama apewe mstari wake.

Kuna pia ndoa ya kurithi mjane. Kimila, mtoto aliyezaliwa baadaye ni wa marehemu, na hakuna anayebishana na hilo. Kwenye mchoro huu, hata hivyo, kinachotafutwa ni baba wa damu. Uliza faraghani, kamwe si kwenye mkutano wa familia. Kama jibu linaweza kuvunja nyumba ya mtu, weka alama ya kuuliza na usonge mbele. Daktari anaweza kufanya kazi na alama ya kuuliza.

Namna ya kuwauliza wazee

Anza na mwanamke mzee zaidi anayekumbuka vizuri: nyanya au shangazi, kwa kawaida yeye ndiye aliyewauguza wagonjwa. Usimwulize, "Alikuwa na kansa?" Miaka ya 1970 na 1980 wengi hawakuambiwa ugonjwa wao, na wengine waliambiwa wakaficha. Uliza alichokiona kwa macho. "Shangazi, marehemu babu alianza kushindwa na ugali, akabaki na uji, mwisho hata maji yakawa yanarudi?" Hiyo inaelekea koo la chakula. Macho kugeuka manjano, tumbo kujaa maji na mwili kukonda huelekeza kwenye ini, ingawa ini hufa pia kwa pombe na homa ya ini bila saratani. Kutokwa damu miaka kadhaa baada ya kukoma hedhi, pamoja na uchafu wenye harufu, huelekeza kwenye kizazi au mlango wake. Mzee aliyeshindwa kukojoa kisha mgongo ukamuuma hadi akashindwa kutembea huenda alikuwa na tezi dume.

Hapo kwenye mgongo kuna mtego. Ukiambiwa mtu mzima alikuwa na "kansa ya mfupa", mara nyingi ni saratani iliyosambaa kutoka tezi dume au titi. "Kansa ya ini" nayo yaweza kuwa imetoka utumboni. Kinachofaa kwenye mchoro ni pale ilipoanzia, na ndiyo sababu karatasi ni muhimu kuliko kumbukumbu. Tafuta ripoti ya biopsi (uchunguzi wa kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe) kwanza, halafu karatasi aliyopewa mgonjwa akiruhusiwa kutoka hospitalini, halafu cheti cha kifo. Cheti cha kifo ndicho dhaifu kuliko vyote. Mara nyingi huandikwa kilichomaliza uhai, kama nimonia, bila kutaja kilichoanzisha. Bahasha ya kaki iliyo chini ya godoro la mjane huwa na majibu mengi kuliko mkutano wa siku nzima. Piga picha kila ukurasa kwa simu, hata ule usiosomeka.

Watoto nao waandikwe. Taya la mtoto wa miaka minne hadi saba linalovimba kwa wiki chache hadi meno yanalegea, huku kwetu kando ya Ziwa Victoria, mara nyingi ni uvimbe wa Burkitt. Daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda, na mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vikagunduliwa ndani ya seli za uvimbe huo. Malaria ya mara kwa mara ikichanganyika na virusi hivyo huchochea seli za kinga kugawanyika sana, na kipande cha kromosomu chenye jeni ya MYC, ambayo huchochea seli kugawanyika, huhama mahali pake. Haurithiwi, na dawa huuponya kwa watoto wengi wakiwahi. Mtoto ambaye mboni ya jicho hung'aa nyeupe kwenye picha ya flashi ni habari nyingine kabisa: hiyo yaweza kuwa saratani ya jicho inayotokana na jeni ya RB1, na karibu wagonjwa wanne katika kila kumi huwa na hitilafu inayoweza kurithiwa. Macho yote mawili yakiugua, ichukulie kuwa ya kurithi. Ndugu wadogo wa mtoto huyo wapimwe macho mara moja.

Kuusoma mchoro

Angalia umri kwanza, kabla ya kuhesabu wagonjwa. Saratani ya titi kabla ya miaka 50, au kwenye matiti yote mawili, au kwa mwanamume. Saratani ya ovari kwa umri wowote. Saratani ya utumbo mpana au ya kizazi chenyewe (si mlango wa kizazi) kabla ya miaka 50. Mtu mmoja kupata saratani mbili tofauti zilizoanza kila moja peke yake. Mojawapo ya hizi kwa jamaa wa karibu inatosha kuomba ushauri wa jeni. Kwa utumbo mpana madaktari wana kanuni rahisi kukumbuka: wagonjwa 3 wa damu moja, vizazi 2 vinavyofuatana, na angalau 1 aliyeugua kabla ya miaka 50. Hiyo huashiria ugonjwa wa kurithi uitwao Lynch, ambao pia huleta saratani ya kizazi na ya ovari.

Upande wa baba haupuuzwi. Jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na hitilafu huleta saratani ya titi na ya ovari, zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995, hupitishwa na baba kama zinavyopitishwa na mama, na kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu. Mwanamume anaweza kuibeba maisha yake yote bila kuugua, kisha binti zake wakaugua. Ndiyo maana "kwa mama yetu hakuna" si jibu.

Sasa tazama upande wa pili. Mume na mke wote wamepata saratani ya koo la chakula: hawana damu moja, wana meza moja. Ndugu watatu wa shamba moja wana saratani ya ini wakiwa na miaka 40 na kitu: fikiria mahindi na homa ya ini aina ya B. Saratani ya mlango wa kizazi kwa mama na binti: karibu zote husababishwa na virusi vya papiloma, HPV, ambavyo protini zake mbili, E6 na E7, huzima walinzi wawili wa seli, p53 na Rb. Mchoro wa namna hii unakupeleka jikoni na kwenye chanjo, si maabara ya jeni.

Kama mchoro unaelekea jeni

Kipimo hufanywa kwa damu au mate. Kosa la kwanza ni kumpima mzima kabla ya mgonjwa. Apimwe kwanza aliyeugua, hasa aliyeugua akiwa na umri mdogo, maadamu yu hai. Ikipatikana hitilafu kwake, wengine hupimwa hiyo moja tu, kwa bei nafuu na jibu lililo wazi. Ukianza na mzima na kipimo kikasema hakuna kitu, hujui kama hakurithi au kama jeni ya ukoo wenu haikuwa kwenye orodha iliyopimwa.

Kosa la pili ni kuchanganya vipimo viwili. Hospitali ikipima uvimbe wenyewe, mathalani HER2 (protini inayochochea seli kukua) kwenye titi, inatafuta dawa ya kumfaa mgonjwa huyo. Hilo halijibu swali la watoto wake.

Jibu huja la aina tatu: hitilafu hatari imepatikana, haikupatikana, au limepatikana badiliko ambalo maana yake haijathibitishwa. Hili la tatu huwapata Waafrika mara nyingi zaidi, kwa sababu hazina za data za jeni duniani zimejengwa kwa kiasi kikubwa na watu wenye asili ya Ulaya. Badiliko la kawaida kwetu huonekana geni kwao. Usikubali upasuaji wala kuwapima watoto kwa sababu ya jibu hilo. Rudi baada ya mwaka mmoja au miwili uulize kama limeshafafanuliwa. Mengi huishia kuonekana hayana madhara.

Hitilafu ya BRCA1 ikithibitishwa, hatari ya saratani ya titi hadi umri wa miaka 80 ni takriban 72 kwa 100, na ya ovari 44 kwa 100. Kwa BRCA2 ni takriban 69 na 17. Tarakimu hizo zinatisha, lakini kuna la kufanya: picha za MRI za matiti kuanzia miaka 25 zikipatikana, mamogramu kuanzia 30, na kuondoa ovari na mirija kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1 baada ya kumaliza kuzaa, 40 hadi 45 kwa BRCA2. Mwenye ugonjwa wa Lynch hufanyiwa kolonoskopi (kamera ya kuchungulia utumbo mpana) kila mwaka mmoja au miwili kuanzia miaka 20 hadi 25. Watoto walio chini ya miaka 18 hawapimwi jeni za saratani za watu wazima. Wangoje waamue wenyewe. Kabla ya kutoa damu, uliza sampuli inapelekwa maabara gani, jibu litachukua wiki ngapi, na nani atakaa nawe kukueleza. Kama hakuna wa kukueleza, usitoe bado.

Sampuli ya nyama: mahali ukweli unapopotea

Familia nyingi hupewa chupa yenye kipande cha uvimbe waipeleke maabara wenyewe, kwa matatu, kutoka Bondo hadi Kisumu au kutoka Molo hadi Nakuru. Kipande kikiharibika njiani, hakuna mtaalamu atakayekisoma, na mgonjwa hukatwa upya.

Chupa iwe ya plastiki yenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha. Ndani iwe fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya ujazo wa kipande. Kipande kilichobanwa kwenye chupa iliyojaa nyama na fomalini kidogo huoza katikati huku nje kikionekana sawa. Kiingie fomalini ndani ya saa moja tangu kukatwa. Kama kitapimwa vipokezi vya homoni na HER2, kisikae humo chini ya saa 6 wala zaidi ya 72. Ukikaa nacho nyumbani tangu Alhamisi hadi Jumatatu, jibu linaweza kutoka la uongo na mgonjwa akanyimwa dawa iliyomfaa. Kisiwekwe kwenye maji, wala spiriti, wala friza: barafu hupasua seli. Lebo iwe kwenye mwili wa chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Iwe na jina kamili, kiungo, upande, tarehe na saa. Fomalini huwasha macho na ni sumu, basi chupa iwekwe ndani ya mifuko miwili, isimame wima, isikae juani kwenye dashibodi.

Jibu likitoka, omba nakala ya ripoti na uulize kipande kilichohifadhiwa kwenye nta kinawekwa wapi na kwa muda gani. Kipande hicho kinaweza kupimwa tena miaka mingi baadaye, hata mgonjwa akiwa ameshafariki, na ndicho mara nyingi huokoa mabinti zake.

Ukiombwa kushiriki utafiti

Utafiti wa jeni za saratani unafanyika huku kwetu, na tunauhitaji mno, kwa sababu hiyohiyo ya hazina za data zisizotufahamu. Mwaka 2021 watafiti walichapisha uchambuzi wa jenomu (DNA yote ya seli) 552 za saratani ya koo la chakula kutoka nchi nane, Kenya na Tanzania zikiwamo. Walitarajia kukuta alama maalumu kwenye DNA itakayoeleza kwa nini ugonjwa huu umejaa sehemu fulani na kupungua nyingine. Hawakuiona: mabadiliko ya wagonjwa wa nchi zenye ugonjwa mwingi yalifanana kwa sehemu kubwa na ya nchi zenye ugonjwa mchache, jeni ya TP53, inayotengeneza yule mlinzi p53, ikiwa imeharibika karibu kwa wote. Maana yake huenda ni kwamba baadhi ya visababishi haviandiki jina lao kwenye DNA. Joto ni mfano mzuri: halibadilishi herufi za jeni, huunguza utando wa koo, seli hulazimika kugawanyika kila mara ili kuziba, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa.

Kabla ya kutia sahihi, dai fomu kwa lugha unayoielewa, Kiswahili au Dholuo au Luhya, na nakala ya kubaki nayo. Iwe na nambari ya idhini ya kamati ya maadili. Uliza: wanasoma jeni chache au jenomu nzima? Sampuli itahifadhiwa wapi, miaka mingapi, na itatoka nje ya nchi? Wakikuta hitilafu inayohatarisha watoto wangu, mtaniambia? Nikijitoa, sampuli itaharibiwa? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazitambua taarifa za afya na za jeni kuwa nyeti, na kujitoa hakupaswi kukunyima matibabu. Kurudishiwa nauli ni haki. Kulipishwa chochote ili ushiriki ni ishara ya kuondoka.

Kama mchoro unaelekea jikoni

Anza na chai. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Uchunguzi uliofanywa Eldoret, ukilinganisha wagonjwa wa saratani ya koo la chakula na watu wasio nayo, ulikuta hatari inapanda kadiri mtu anavyopenda kinywaji chake kikiwa moto zaidi. Tatizo ni joto, si majani ya chai. Uji na supu vinahusika vilevile.

Chai yetu ina ubaya wa ziada: maziwa, maji na majani huchemshwa pamoja, halafu huingia kwenye thamosi ambayo kazi yake ni kuzuia kupoa. Hata ukichanganya mililita 200 za chai ya nyuzi 90 na mililita 50 za maziwa ya nyuzi 20, utapata nyuzi 76, bado juu ya mpaka. Nunua kipimajoto cha jikoni, mimina chai kwenye vikombe vyenu vya kila siku, na uhesabu dakika hadi ifike 60. Fanya mara moja kwa kikombe cha bati, mara moja kwa kile kizito cha udongo, kwani hutofautiana sana, na ubandike majibu karibu na thamosi. Huna kipimajoto? Chai inayokulazimu kufyonza kwa sauti bado ni moto mno. Imimine kutoka kikombe hadi kikombe mara kadhaa. Nchini Iran, waliongoja dakika 4 au zaidi baada ya kumiminiwa walikuwa na hatari ndogo sana kuliko waliokunywa ndani ya dakika 2.

Koo hilohilo huharibiwa na pombe na tumbaku, na vikikutana havijumlishani tu, huzidishana. Mwili hugeuza pombe kuwa asetaldehidi, ambayo huvunja DNA moja kwa moja. Busaa na chang'aa vimehusishwa na ugonjwa huu magharibi mwa Kenya. Asetaldehidi imepimwa na kukutwa hata kwenye mursik, maziwa yaliyochachushwa. Hiyo ni tuhuma ya kufuatilia, hukumu bado. Kuhusu ugoro na sigara hakuna tuhuma, kuna uhakika. Miaka 10 baada ya kuacha sigara, hatari ya saratani ya mapafu hushuka hadi takriban nusu ya ile ya anayeendelea. Piga mswaki pia: meno yaliyooza na kung'oka yameonekana zaidi kwa wagonjwa wa koo.

Mahindi yanastahili nusu siku ya kazi. Kuvu aina ya aspergilasi hutoa aflatoksini, sumu ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya kwa ini kufa ghafla. Kwa dozi ndogo za miaka mingi haiui ghafla. Hugonga jeni ya TP53 kwenye seli za ini, hasa mahali pamoja, kodoni (kundi la herufi tatu za DNA) ya 249. Mwenye homa ya ini aina ya B akila mahindi hayo, hatari yake inakuwa kubwa mno. Kupika hakuondoi sumu hii, wala kusaga, wala kuchemsha busaa.

Kausha juu ya turubai, si ardhini. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Kupima bila mashine: chukua chupa ya glasi kavu yenye kifuniko, jaza mahindi hadi robo, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu kabisa, tikisa dakika chache, iache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isiponata, bado anika siku moja zaidi, kwa kuwa kati ya 15 na 13.5 kuvu bado hustawi. Kosa la kawaida ni chumvi iliyoshika unyevu wa jikoni, inayonata hata kwenye chupa tupu. Ikaange kidogo ipoe kwanza. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Punje zilizoota ukungu, zilizobadilika rangi na zilizovunjika ziondolewe kwa mkono na kufukiwa. Huko kuzipeleka kwa busaa au kwa ng'ombe ni kuzirudisha mezani kwa njia ya kikombe na maziwa. Njugu karanga zichambuliwe vivyo hivyo.

Mengine ni mafupi. Watu wazima wapimwe homa ya ini B. Asiye nayo achanjwe dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Nyama choma isiwe ya kila siku, na iliyoungua ikatwe. Unga wa kisiagi usiochujwa, osuga na mrenda vina nyuzinyuzi ambazo utumbo mpana unazihitaji. Mwili mnene kupita kiasi unahusishwa na saratani zisizopungua 13. Dakika 150 za kutembea haraka kwa wiki zinatosha kuanza. Aliyerithi jeni hatari asiseme mwenendo haumhusu: kunyonyesha kwa mwaka au zaidi kumehusishwa na upungufu wa hatari kwa wenye BRCA1.

Tarehe za kuandika kwenye kalenda

Binti akifika miaka 10, chanjo ya HPV. Kenya huitoa tangu 2019 bila malipo. Mwanamke apime HPV kuanzia miaka 30, kila miaka 5 hadi 10. Mwenye virusi vya ukimwi aanze miaka 25 na kurudia kila miaka 3 hadi 5, kwa kuwa hatari yake ni mara sita. Anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti, na aibu ya kitandani isiwe kisingizio. Mwanamume ambaye baba au kaka aliugua tezi dume azungumze na daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA, protini ya tezi dume, akifika miaka 40 hadi 45. PSA ikiwa juu si saratani, ni sababu ya kuchunguza zaidi. Mzazi au ndugu akiugua utumbo mpana, anza kolonoskopi ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua yeye, kutegemea kipi kinatangulia.

Kwa koo la chakula usingoje tarehe. Nyama au ugali ukianza kukwama na hali hiyo ikaendelea zaidi ya wiki mbili, hasa ukiwa na zaidi ya miaka 30 na mchoro wenu una mgonjwa wa koo, nenda uombe endoskopi (kamera ya kuchungulia koo la chakula) kwa jina lake. Dawa za vidonda vya tumbo zinaweza kutuliza maumivu huku uvimbe ukikua. Kisumu, Nakuru na Eldoret kuna hospitali za rufaa zinazoifanya. Ulizia kwanza siku za kliniki, kama SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, italipia, na saa ngapi uache kula. Beba mchoro wa ukoo na picha za ripoti, na umwambie daktari jambo hili mwanzoni: nani katika familia alishindwa kumeza, na akiwa na umri gani.